Wiki 15 za Mlimani: Soka la bure linarudi, mtaa una habari?

MSHABIKI anayeijua ratiba ya Ligi Kuu kwa kichwa yupo kila kijiwe cha Dar es Salaam. Muulize Simba anacheza lini, Yanga anasafiri kwenda wapi, atakujibu kabla hujamaliza swali. Muulize sasa Uhandisi anakutana lini na Biashara pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), atakukodolea macho.

Hana kosa. Ratiba hiyo haisomwi redioni. Inabandikwa kwenye ubao wa matangazo, inapigwa picha, inazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi, basi, imeishia hapo. Huku nje ya geti, Changanyikeni, Msewe, Makongo, Ubungo na Sinza, kuna watu wanapanda daladala mbili na kulipa kiingilio kwenda kuangalia mpira ambao wala si mtamu kuliko ule unaochezwa bure jirani na nyumba zao.

Mwaka mpya wa masomo ukifunguliwa, kwa kawaida mwishoni mwa Oktoba kuingia Novemba, Mlimani inaingia kwenye msimu wake. Vijana wa mwaka wa kwanza wanateremka stendi ya Mbezi na mabegi, ndoo na magodoro. Wapo wanaokuja na njumu zimening'inizwa nje ya begi, kamba kwa kamba, ili kila mtu ajue mapema kwamba kaingia mchezaji.

Kuanzia siku hiyo hadi mitihani ya mwisho wa muhula ni kama wiki 15 tu za masomo. Ndani ya wiki hizo kila jambo la chuo linalomhusu mtu wa nje linabanana: mahafali, mihadhara ya wazi, makongamano, bonanza, mashindano ya ndaki na ya mabweni. Mpira unatafuta nafasi yake humo humo, na mara nyingi ndio unaosogezwa kando.

CHUO KILICHOZALIWA JIRANI NA MSIMBAZI

Wengi wakisikia UDSM wanaona mlima, miti na Ukumbi wa Nkrumah, ule uliokuwa nyuma ya noti ya Sh500 kabla sarafu haijachukua nafasi. Lakini chuo hiki hakikuzaliwa mlimani.

Kilianza Oktoba 25, 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Mtu wa mpira hahitaji ramani hapo. Lumumba ni pua na mdomo na Kariakoo, kule kwenye makao ya Simba na ya Yanga. Wanafunzi 14, kwa hesabu ya kocha, ni kikosi cha kwanza na wa akiba watatu.

Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Kati ya 1963 na 1970 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere ya Uganda na Nairobi ya Kenya, kabla kila nchi haijachukua cha kwake. Nchi hizo hizo tatu zilizowahi kugawana chuo kimoja ndizo zilizopewa kuandaa AFCON 2027. Bahati mbaya mpira wa vyuo haujapata hata robo ya kelele hiyo, ingawa vyuo vikuu vya ukanda huu vina mashindano yao ya Afrika Mashariki ambayo huchezwa kila baada ya miaka miwili.

BUMU, JEZI NA MCHUJO

Wiki mbili za mwanzo hakuna mpira wa maana. Watu wanapanga foleni za usajili, wanatafuta vyumba, wanajifunza njia ya mkato ya kwenda Yombo kwenye madarasa makubwa. Hata hivyo manahodha hawalali. Jioni wanazunguka mabwenini kama mawakala wa dirisha dogo, wanauliza: nani kacheza UMISSETA? Mkoa gani? Namba ngapi?

Hapo ndipo soka la chuo linapompita mchezaji wa kawaida wa mtaani. Darasa moja la mwaka wa kwanza linaweza kuwa na kipa wa Mbeya, beki wa Mara, kiungo wa Tanga na winga wa Zanzibar, watu waliowahi kuvaa jezi za mikoa yao kwenye mashindano ya shule za sekondari na hawajawahi kuonana. Kocha wa timu ya kata hapati usajili wa namna hiyo hata akiuza gari.

Shida ni fedha. Timu ya ndaki au bweni inaishi kwa michango, na michango inasubiri 'bumu', yaani mkopo wa Bodi ya Mikopo. Posho ya chakula na malazi iliyopandishwa hadi Sh10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23 ndiyo hiyo hiyo inayolipa wali wa mchana, nauli, kudurufu madesa na jezi ya Jumamosi. Bumu likichelewa, jezi zinachelewa. Ndiyo maana mechi za mwanzo utaona timu mbili zote zimevaa nyeupe, na moja inalazimishwa kuvua ikacheze vifua wazi, na refa asijue namba ya aliyecheza faulo.

Likiingia, siku mbili baadaye Kariakoo wanapata oda. Jezi zinakuja na majina mgongoni, majina ya utani bila shaka, maana hakuna mwanafunzi anayekubali kuandikwa jina lililo kwenye kitambulisho.

TESTI SAA TISA, MECHI SAA KUMI

Kuanzia katikati ya muhula mambo yanakuwa magumu. Zinaingia testi.

Ligi Kuu ikigongana na kalenda ya Fifa, bodi inakaa na kupangua ratiba. Chuoni hakuna wa kupangua. Mhadhiri akitangaza testi Jumamosi saa 9 alasiri, timu inayocheza saa 10 imeshapoteza watu wanne. Wapo wanaomaliza mtihani na kukimbia na bukta ndani ya suruali, wanaingia kipindi cha pili wakiwa bado wana kalamu ya wino mfukoni. Wapo wanaokaa nje kabisa, na hao ndio wengi, na ndio wenye akili. Mkopo unataka ufaulu. Mwanafunzi akishindwa masomo akaambulia kurudia mwaka, hakuna klabu itakayomlipia.

Kwa kijana aliyekuwa nyota wa mkoa akiwa na miaka 17, hesabu hii inauma kuliko inavyoonekana kwa nje. Mwenzake aliyeachia kidato cha nne yuko kwenye timu ya Championship, analipwa, pengine si haba. Yeye ana miaka 21, anacheza vizuri kuliko alivyocheza akiwa 17, mbele ya watu 200 waliokaa kwenye nyasi. Kila jioni anayokwenda mazoezini ameiba kwenye usiku wa kimbweta. Na vimbweta, kwa asiyeijua Mlimani, ni zile meza za zege zilizotapakaa chuo kizima ambako watu wanasoma hadi usiku wa manane.

Matokeo yake msimu wa chuo una sura yake. Mechi za wiki ya tano na ya sita ndizo tamu zaidi: timu zimezoeana, miguu ina pumzi, testi hazijakolea. Fainali, ambayo kwingine ndiyo kilele, Mlimani mara nyingi inakuja watu wakiwa na macho mekundu. Anayetaka kuona soka lenyewe asisubiri fainali.

VIWANJA VINAYEYUKA, MACHO YANAGEUKIA CHUONI

Kwa nini mtu wa Msewe ajali? Kwa sababu Dar es Salaam inaishiwa sehemu za kuchezea mpira, na kila mtu anaona kwa macho yake. Eneo la wazi la mtaa linazungushiwa mabati asubuhi, jioni kuna msingi. Timu za mitaani zinabanana kwenye viwanja vichache vilivyobaki, kama Kinesi pale Shekilango, ambavyo wikendi vinachezewa tangu asubuhi mpaka giza.

Katikati ya msongamano huo, chuo kina eneo kubwa, kijani na tulivu. Alfajiri klabu za jogingi kutoka mitaa ya jirani zinapanda na kushuka vilima vyake kwa nyimbo. Ni mazoezi bora kuliko ya gym nyingi za mjini, maana mteremko wa Mlimani hauna huruma na goti la mtu wa miaka 45. Jioni watoto wa jirani wanajipenyeza pembeni ya uwanja na mpira wao wa makaratasi, wanacheza nyuma ya goli mechi kubwa ikiendelea. Tumbili nao wapo, na ukiweka mfuko wa maandazi chini ukaenda kufunga kamba za viatu, usimlaumu mtu.

Hata soka la juu linaujua ukanda huu. Hatua chache kutoka Mlimani, Barabara ya Sam Nujoma, upo uwanja wa Shule ya Sheria. Yanga wamewahi kujifua pale, na baadaye ukaingia kwenye orodha ya viwanja vya mazoezi vya kukarabatiwa kwa ajili ya mashindano ya Caf ambayo nchi inayapokea. Ukiona timu ya taifa ya kigeni inapasha misuli Ubungo wakati wa AFCON, usishangae.

Swali linalobaki ni la jirani. Chuo kinaongezeka watu na majengo. Mabweni ya Magufuli peke yake, yaliyofunguliwa 2017, yana uwezo wa kulaza wanafunzi 3,840, na hao wote jioni wanataka sehemu ya kunyoosha miguu. Kadiri wenyewe wanavyokuwa wengi, ndivyo nafasi ya mtoto wa Changanyikeni nyuma ya goli inavyozidi kuwa ndogo. Hakuna ubaya wa mtu yeyote hapo. Ni hesabu tu ya miguu na nyasi.

Ndiyo maana siku za mashindano zina thamani kwa mtaa. Ni siku ambazo hakuna anayehitaji kisingizio cha kuwepo uwanjani. Anakuja kama shabiki, anakaa, anapiga kelele, anaondoka.

MWALIKO UNA MABANGO, MPIRA HAUNA

Chuo chenyewe kinajua sana kualika umma kinapotaka. Tamasha la kitaaluma la Mwalimu Nyerere lilipoanza mwaka 2009 mgeni alikuwa Wole Soyinka, na watu wa mjini walipanda mlima kumsikiliza. Wiki ya Utafiti na Ubunifu nayo inafungua milango, mashine na miradi inatolewa nje watu waione. Mahafali ndiyo usiseme: familia zinatoka mikoani na maua ya plastiki, bodaboda zinapandisha bei, na siku hiyo mama aliyeuza vitumbua miaka mitatu anapiga picha na joho la mwanawe.

Shughuli hizo zote zinatangazwa wiki nyingi kabla. Mechi ya nusu fainali kati ya ndaki mbili, yenye wachezaji wa mikoa 10 ndani yake, inatangazwa na mtu mmoja anayepita na vuvuzela saa 9 na nusu.

Karatasi moja getini ingetosha. Ratiba ya mwezi, saa, timu. Nakala moja ofisi ya serikali ya mtaa, moja kituo cha daladala. Gharama yake haifiki bei ya soda za mapumziko. Na watu wakija, wauza mihogo na karanga wanakuja, timu zinapata hamasa, na pengine mwenye duka la vifaa vya michezo pale Mwenge anaona sababu ya kutoa seti moja ya jezi ili bukta zisigongane rangi.

SKAUTI ANAISHIA NDONDO

Klabu zetu zimejifunza kwenda kwenye ndondo. Mtu akifunga mabao matano kwenye mashindano ya mtaani, kesho simu inalia. Chuoni hawaji, kwa imani moja ya zamani: msomi hana njaa, na asiye na njaa hachezi.

Afrika Kusini wangecheka. Klabu ya Bidvest Wits ilizaliwa kwenye Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, mwaka 1921. Ilikaa miaka 96 bila ubingwa wa ligi, halafu msimu wa 2016/17 chini ya kocha Gavin Hunt ikawapita Sundowns, Chiefs na Pirates na kulibeba. Uwanja wake ulikuwa ndani ya chuo. Jirani zao wa Chuo Kikuu cha Pretoria, AmaTuks, nao wamecheza Ligi Kuu ya nchi hiyo, na kampasi yao ndiyo iliyokuwa kambi ya Argentina ya Diego Maradona na Lionel Messi kwenye Kombe la Dunia 2010.

Kabla mtu hajasema Wits ni wa mbali, awaulize Azam FC. Machi 2016 walikutana nao kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, wakawachapa 3-0 kwao na 4-3 Chamazi. Jumla 7-3. Mwaka uliofuata timu hiyo iliyopigwa saba ikawa bingwa wa Afrika Kusini. Kwa hiyo hoja ya kwamba mpira wa chuo hauwezi kutoa timu imeshajibiwa, tena mbele ya mashabiki wa Mbagala.

Ukweli uwekwe wazi lakini: Wits mwisho wake ulikuwa mchungu. Mwaka 2020 nafasi yake ya ligi iliuzwa na jina likatoweka. Klabu ya chuo inategemea mlipaji kama klabu nyingine yoyote. Mlimani haina haja ya kukimbilia Ligi Kuu kesho. Skauti mmoja mwenye daftari, Jumamosi mbili kwa muhula, ingekuwa mwanzo.

WANAOTOKA HAPA BILA KUONEKANA

Kuna kundi jingine uwanjani ambalo shabiki halioni. Yule refa mwanafunzi anayezomewa, yule dada mwenye kibendera, yule anayeandika dakika za mabadiliko, wengine wao wanasoma elimu ya viungo na sayansi ya michezo hapo hapo chuoni. Kwao mechi ya mabweni ni sehemu ya kujaribia kazi.

Miaka michache baadaye wanatawanyika. Mmoja anapangiwa shule ya sekondari wilayani, anakuta uwanja una nyasi za kiunoni na mpira mmoja wenye kiraka. Ndiye atakayechagua timu ya UMISSETA ya wilaya. Ndiye atakayeamua kama kijana mfupi wa kidato cha pili anacheza au anakaa nje. Nchi inagombana kila mwaka kuhusu wachezaji wa kigeni na makocha wa kigeni. Huyu mwalimu hakuna anayemtaja, na alijifunza kupiga filimbi kwenye mechi ambayo mtaa haukujua kama ipo.

KWA ANAYETAKA KWENDA

Mechi nyingi ni jioni, saa 10 au saa 10 na nusu, siku za kazi na wikendi. Kiingilio hakuna. Majukwaa yasikudanganye, beba kitu cha kukalia na kofia. Panda daladala za Chuo, na ukishuka fuata kelele. Netiboli ya dada zao usiipite, mara nyingi ina ushindani kuliko mpira wa miguu na inaanza kwa wakati.

Siku ya dabi ya Kariakoo usihangaike kwenda uwanjani, hakuna mtu. Chuo kizima kipo mbele ya luninga za migahawa, ndaki zimevunjika, kuna wekundu na wa kijani tu, na profesa na mpika chapati wanabishana penalti kama watoto.

Waulize watu wa getini kuhusu ratiba. Wasipojua, muulize kijana yeyote mwenye bukta chini ya suruali. Na uwahi mapema ndani ya muhula, kwa sababu mitihani ikianza nyavu zinatolewa, magoli yanabaki vyuma vitupu, na kwa wiki mbili uwanja unakuwa wa tumbili.